Mama Nabil Hana Mtoto

Jumatatu, 6 Januari

Nimepata kazi. Nimeipata bila kuzungumza na mtu hata mmoja, na hilo ndilo lililonifurahisha zaidi. Usaili wote ulikuwa wa maandishi. Dada Dija, msimamizi wa Dar, aliniuliza kama najua kuandika Kiswahili kizuri. Nikamtumia insha yangu ya mtihani wa majaribio, ile ya umuhimu wa kutunza mazingira. Akajibu: umepita.

Kuanzia leo mimi ni Mama Nabil. Nina mtoto wa kiume wa miezi mitatu, mchangamfu, hasumbui. Kwa kweli nina miaka kumi na saba, na sijawahi kumbeba mtoto kwa zaidi ya muda wa mama yake kufunga kanga. Lakini Dada Dija anasema hatudanganyi, tunatia moyo.

Kazi yenyewe: kuna kundi la WhatsApp la akina mama waliojifungua, linaitwa Mama kwa Mama. Humo ndani sisi mabalozi tunasifu Lulu Mtoto, maziwa ya unga ya watoto wachanga. Nimetumiwa laini ya kazi. Kila kinachoandikwa kwenye laini hiyo, Dada Dija anakiona kule Dar. Kuna masharti. Usiseme "nunua", sema "jaribu". Usiseme "maziwa ya kopo", sema "msaada". Usiseme kamwe kwamba maziwa ya mama ni mabaya. Uliza swali moja tu, kisha unyamaze: Una uhakika yanatosha? Dada Dija anasema swali hilo hujifanyia kazi lenyewe, kama hamira.

Bibi amesema arobaini ya uzazi ya dada yangu Raya ikiisha nami bado nimekaa tu, nakwenda Ubena kwa Mjomba Mwinyijuma, kuuza duka. Duka la Mjomba liko barabarani kabisa. Madereva wa malori wanaegesha, wanakuita mchumba, wanataka uwajibu. Mimi hata "karibu" huwa inanikwama kooni. Basi Mama Nabil lazima afaulu.

Jumatano, 8 Januari

Siku ya kwanza kundini. Niliandika: "Ndugu akina mama wenzangu, awali ya yote napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia uzima." Kabla sijafika aya ya pili, balozi mwenzangu, Mama Mapacha wa Msata, alikuwa amekwisha kutuma picha ya kopo, mstari mzima wa mioyo myekundu, na neno moja: Jamani! Likamjibu kundi zima. Mimi alinijibu mtu mmoja. Aliuliza nani amefariki.

Simpendi Mama Mapacha. Ana mapacha, ana mioyo, ana majibu ya haraka. Dada Dija humwita nyota. Mimi kaniambia nipunguze "awali ya yote".

Hapa nyumbani mambo ni ya arobaini. Dada yangu Raya amekuja kujifungulia kwa Bibi, kama ilivyo ada kwa mtoto wa kwanza. Mumewe, Abdulnasir, yuko Pangani kwenye duka la baba yake. Raya yumo chumba cha ndani na mwanawe Sophia, hatoki. Asubuhi Bibi anamkanda kwa maji ya moto, na Raya analia kuliko mtoto. Kisha uji wa pilipili manga. Kisha supu. Kisha uji tena. Raya anasema amegeuzwa mtungi.

Leo aliniita mlangoni akaniuliza kama Sophia analia kwa njaa au analia tu. Nikamwambia mimi sijui watoto. Ni kweli. Nikarudi sebuleni nikamjibu mama mmoja wa Kaole swali hilohilo, kwa aya tatu.

Ijumaa, 10 Januari

Kuna jambo limetokea.

Asubuhi aliingia mwanachama mpya kundini, jina lake Mama S. Akaandika kwamba mtoto wake mchanga anataka kunyonya kila mara, je, ni kawaida? Mama Mapacha alikuwa bado hajaamka. Nafasi adimu. Nikaandika haraka, bila awali ya yote: Una uhakika yanatosha?

Chumba cha ndani simu ikalia. Ting.

Ndipo nikaitazama picha ya Mama S. Mkono wa mtoto mchanga, nyuma yake pazia la maua ya zambarau. Pazia hilo nililipinda mimi mwenyewe. Upande mmoja ni mfupi.

Halafu nikamsikia Raya akimwuliza Bibi, kwa sauti ndogo ambayo si yake, kama maziwa yake yanatosha. Bibi akamwuliza yatoshe nini, kwani anajaza pipa? Mtoto akinyonya yanakuja, asiponyonya hayaji, kisima kisichotekwa hufukiwa na mchanga. Raya akaitika vizuri. Muda si muda ting ikalia kwangu. Mama S alikuwa amenifuata pembeni. Ameandika maneno mawili: Sina uhakika.

Nilikaa na simu mkononi mpaka kioo kikazima. Ningefanyaje? Dada Dija alikuwa anaona. Nikamjibu ajaribu msaada.

Jumapili, 12 Januari

Msaada umeingia nyumbani. Umeingia ndani ya kanga ya Batuli, jirani yetu.

Batuli ana mtoto wa miezi minne, Shuaibu. Maziwa anayo mengi mpaka blauzi zake hazikauki, lakini asubuhi anauza vitambaa sokoni na Shuaibu anabaki na wifi yake. Kwa hiyo wamekubaliana na Raya kugawana kopo moja. Nusu ya Batuli imekwenda kwenye chupa ya jamu. Nusu ya Raya imefichwa chini ya winda za mtoto, Bibi asione.

Wao wawili wana mzaha wao. Tangu Sophia azaliwe, Batuli humwita mkwe. Leo alipolitoa kopo kwenye kanga alisema ameleta kishika uchumba, basi wasije wakamwoza mkwe wake kwa mtu wa Dar. Raya akamjibu kwamba familia yao haipokei kopo tupu, warudi na ng'ombe mwenyewe. Wakacheka mpaka Bibi akauliza uani kuna nini.

Dada Dija ameniandikia: hongera, mteja wako wa kwanza. Nilifurahi. Nilifurahi kabisa, kwa muda kama wa kuchemsha chai.

Jumatano, 15 Januari

Sophia analala sana. Raya ana raha. Amesema huyu Mama Nabil ni mtu wa maana, laiti angekuwa na dada kama yeye. Ameniambia mimi.

Halafu nikamwona akichanganya. Ili nusu kopo lifike mbali, anatia kijiko kimoja mahali ambapo kopo limesema vitatu. Kilichotoka ni kama maji yaliyooshewa mchele. Nikasimama mlangoni nikamwambia kwamba maelekezo yanasema vitatu. Akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza: wewe umezaa lini?

Aliyezaa ni Mama Nabil.

Nikarudi sebuleni, nikamwita Mama Nabil kazini. Nikamwandikia Mama S kwa upole kwamba asipunguze vijiko, ni hatari kwa mtoto. Kabla hajasoma, Dada Dija akaongeza chini yake, kwa jina langu hilohilo: Kweli kabisa mpenzi, chukua kopo kubwa. Raya akajibu kwamba atamwomba mumewe. Kwa sasa ataendelea na kijiko kimoja.

Jambo jingine. Wiki ya kwanza kanga ya Raya ilikuwa ikilowa kifuani kila asubuhi, nami ndiye niliyeifua. Siku hizi inakuja kavu. Bibi naye ameona. Amezidisha pilipili manga kwenye uji.

Ijumaa, 17 Januari

Nina mpango.

Bibi alikuwa anachambua mchele, akasimulia habari za binamu yake wa Kaole. Kijana alitaka kuoa. Siku ya posa, kizee mmoja akakumbuka kwamba mama wa kijana aliwahi kuugua, na mtoto akanyonyeshwa na mama wa yule binti. Basi, ndugu wa kunyonya. Hawaoani mpaka kiyama. Posa ikarudi na sinia lake na vitambaa vyake. Bibi alivisikitikia vitambaa zaidi.

Nikawaza. Raya akiamini kwamba watoto wanaokunywa kopo moja ni ndugu wa kunyonya, basi Sophia hawezi kuolewa na Shuaibu. Na Raya harusi hii anaitaka, hata kama anaitaka kwa mzaha. Amekwisha kuchagua rangi ya sare. Basi kopo ataliacha, atarudi kunyonyesha, Sophia atanenepa. Na Dada Dija hataona kosa, maana ni swali tu, naye ndiye aliyenifundisha kuuliza maswali.

Nikaandika kundini: Nauliza tu, mama wenzangu. Watoto wawili wakinywa kopo moja, hawawi ndugu wa kunyonya?

Nikanyamaza, kama nilivyofunzwa. Ting chumba cha ndani. Ting nyumba ya pili, kwa Batuli.

Nimelala mchana kwa amani. Wiki nzima sijalala hivi.

Jumapili, 19 Januari

Nimechoka.

Raya hakuacha kopo. Ameagiza la pili. Kila mtoto na kopo lake, na kila kopo lina jina juu ya kifuniko, kwa kalamu, yasije yakachanganyika wakaharibu harusi.

Na si Raya peke yake. Kundi zima limeingiwa na hofu. Waliokuwa wakigawana na jirani wameacha. Waliokuwa wakigawana na mawifi wameacha. Kuna mama wa Msata ambaye mwanawe na mjomba wa mwanawe wana umri mmoja. Hao ni ndugu tangu zamani, lakini naye amenunua mawili, anasema kwa usalama tu.

Dada Dija ametuma sauti. Alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Anasema tangu aanze kazi hajaona kichwa kama changu, eti mimi ni jini. Sasa nyota ni mimi. Mama Mapacha alijaribu kuiga, lakini amekwama, maana mapacha wake ni ndugu tayari. Ameandika ujumbe mrefu kwa mara ya kwanza. Hata "awali ya yote" ilikuwemo.

Ningeweza kuufurahia ushindi huu. Lakini Abdulnasir amesema kopo hilo ndilo la mwisho mpaka mwezi uishe. Kwa hiyo Raya sasa anatia kijiko kimoja kisichojaa.

Jumanne, 21 Januari

Swali la Mama Nabil limefika madrasa.

Batuli ndiye aliyeleta habari. Jana mama mmoja alimwendea Mwalimu Sharifu analia. Binti yake anaolewa mwezi wa Shaabani, na amegundua kwamba bwana harusi naye alilelewa kwa maziwa ya kopo. Tena si kopo moja, ni aina moja tu ya maziwa, mmoja Bagamoyo, mwingine Tanga. Mwalimu akavua kofia, akajifuta uso, akacheka mpaka wanafunzi wakaacha kusoma. Akamwambia: mama, undugu wa kunyonya ni wa maziwa ya mwanamke. Ungekuwa wa kopo, sote tungekuwa ndugu wa ng'ombe, na Idi tungekosa cha kuchinja. Kisha akauliza ni nani aliyezua swali hilo. Akaambiwa Mama Nabil. Ni nani huyo? Hakuna anayemjua. Mwalimu akasema basi akionekana apewe maji ya kunywa, huenda ni jua.

Raya alicheka akashika mbavu. Bibi alicheka bila kujua kopo lililosemwa limo ndani ya nyumba yake. Nami nilicheka, nikachelewa kidogo.

Matokeo yake: hofu imekwisha, uchumba umerudi, na kopo la Raya linagawanywa tena kati yake na Batuli, ambaye lake limemalizika. Sasa ni nusu ya lililokuwa nusu.

Sophia halii tena. Raya anasema amekuwa mpole. Nilimtazama alipolala. Vidole vyake vimekuwa virefu. Ni mpole sana.

Ijumaa, 24 Januari

Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Kiswahili nimepata B. Mengine sitayaandika hapa, karatasi haina kosa. Bibi aliuliza kama B ni ya mwanzo au ya mwisho. Nikasema ni ya pili. Akasema basi Mjomba atafurahi kupata mtu wa pili.

Lakini hilo si kubwa la leo.

Leo ilikuwa kliniki. Raya bado hatoki, kwa hiyo mtoto tulimpeleka mimi na Bibi. Njiani Bibi alifungua shuka akamwangalia, akalifunga. Kisha akaniuliza kwa kunong'ona kama huenda mtoto amebemendwa, kama wazazi wake hawakusubiri arobaini, na kama nimewahi kumwona Abdulnasir akiingia kwa mlango wa uani. Nikasema Abdulnasir yuko Pangani. Bibi akasema Pangani si Uchina.

Nesi alimweka Sophia kwenye mzani. Akamtoa. Akamweka tena. Kisha akaitazama kadi, akaniuliza mimi, maana alidhani ni mama yake, mtoto anakula nini. Bibi akajibu kwamba ananyonya, kwao hakuna mwanamke aliyekosa maziwa tangu enzi za Mjerumani. Nesi hakumtazama Bibi. Aliendelea kunitazama mimi.

Nikasema: kopo.

Nadhani lilikuwa neno la kwanza maishani mwangu kumwambia mtu nisiyemjua bila kuambiwa nirudie. Nikaongeza kwamba ni kijiko kimoja, kisichojaa.

Nesi akasema uzito umeshuka chini ya ule wa siku aliyozaliwa. Akatuonyesha kwenye kadi: mstari unaotakiwa kupanda, wa Sophia umegeuka chini. Akasema tukikawia wiki nyingine tutakuja kumlaza, na kulazwa si dawa ya kila kitu. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Akasema kuna wengine wengi mwezi huu. Wote wana mama wenye maziwa. Wote waliulizwa swali kwenye simu. Akasema sheria inakataza kuyatangaza maziwa haya, ndiyo maana siku hizi hawatangazi, wanajifanya mama wenzao. Bibi akasema mwenye ulimi huo Mungu anamwona. Nikasoma bango la chanjo ukutani. Nimelisoma lote, hadi jina la mchapishaji.

Jumamosi, 25 Januari

Jana sikumaliza kuandika.

Tuliporudi, Bibi aliingia chumba cha ndani bila kuvua baibui. Akaliinua kopo kutoka chini ya winda, akaliweka katikati ya kitanda, akakaa kando yake kama mtu anayekaa na mgeni. Hakumgombeza Raya. Alimwambia tu uzito. Raya akamshika mtoto akamweka kifuani palepale. Sophia alinyonya kidogo, akachoka, akalia bila sauti. Hakukuwa na kitu, au kilikuwepo kidogo mno.

Bibi akanituma nikamwite Batuli.

Nilipomweleza, Batuli aliacha vitambaa vyake hivyohivyo juu ya meza. Alifika akakuta Bibi amekwisha kutandika mkeka. Bibi akasema neno moja tu: Batuli mwanangu, unajua ninachokuomba. Batuli akasema anajua. Akamgeukia Raya. Akamwambia: dada, nikimnyonyesha, mkwe sina tena.

Raya alikuwa analia. Akasema mkwe wa nini, nipe mtoto. Alimaanisha mpokee. Wote tulielewa.

Sophia alishika ziwa la Batuli kama mtu aliyetoka jangwani. Shuaibu, aliyekuwa mgongoni kwa wifi, alimtazama kwa hasira. Batuli akamwambia azoee, huyo ni dada yake sasa.

Alinyonya jana mpaka akashiba, na leo tena, mpaka zile tano za sheria, zinazowafanya watoto kuwa ndugu, zikapita na hakuna aliyetaka kuzihesabu. Bibi pekee alihesabu, kwa vidole, chini ya kanga. Ilipofika ya mwisho alisema Alhamdulillah, kisha akasema vitambaa vya harusi navyo basi.

Jumatano, 29 Januari

Batuli ananyonyesha mara mbili kwa siku. Muda mwingine wote Sophia yuko kifuani kwa Raya, kifua kitupu kisicho kitupu. Nesi alisema asitolewe, maziwa huja yanapoitwa. Bibi ameagiza pweza, supu yake inachemka tangu alfajiri. Raya anakunywa kila anachopewa, hata hasemi habari za mtungi. Leo kanga ilikuja kufuliwa na doa. Dogo, kama sarafu. Nimelitazama kwa muda kabla ya kulitia majini.

Dada Dija ameuliza kwa nini Mama Nabil yuko kimya, timu inamtegemea. Nikaamua kuandika ukweli. Wote. Nimeandika tangu baada ya chakula hadi adhana ya alasiri. Nilieleza kwamba maziwa ya mama huongezeka mtoto anaponyonya, kwamba swali letu ni baya, kwamba vijiko visipunguzwe, kwamba waende kliniki. Lakini nilianza kama ninavyojua kuanza. Awali ya yote nilimshukuru Mwenyezi Mungu. Kisha nikaeleza umuhimu wa mtoto katika jamii. Kisha historia fupi. Ukweli uliingia kwenye aya ya sita.

Nikatuma kundini nikafumba macho.

Dada Dija alisoma aya ya kwanza, akajibu: Umerudi kwa kishindo, kipenzi! Mama Mapacha akaweka moyo mmoja. Mama wa Kaole aliuliza tena nani amefariki.

Ni mtu mmoja tu aliyeisoma mpaka mwisho. Najua, maana chumba cha ndani palikuwa kimya kwa muda wa aya zote. Kisha Raya akaniita mlangoni. Alikuwa amemlaza Sophia kifuani. Akasema huyu Mama Nabil anaandika kama mtu aliyefaulu Kiswahili peke yake.

Nilifurahi sana. Ni mara ya kwanza mtu kuisifu insha yangu bila kunipa alama.

Ijumaa, 31 Januari

Mama Mapacha ni mwanamume.

Leo ametuma sauti kundini kwa makosa. Ilikuwa sauti nene, na nyuma yake breki za lori zikipumua. Alikuwa anamwambia mtu kwamba matairi ya Fuso yamefika, aje Msata kabla ya swala, amwulizie Bwanaheri wa duka la vipuri. Akaifuta, lakini watu walikuwa wamekwisha kusikia. Mama mmoja akauliza kama mapacha wenyewe ni matairi.

Nilimwonea huruma kidogo. Kisha nikachukia. Mtu mzima, ana duka lake, anajifanya mama wa watoto. Ni udanganyifu mtupu.

Alhamisi, 6 Februari

Arobaini imetoka. Asubuhi Sophia alinyolewa, akatolewa nje, akatembezwa uani kuonyeshwa jua. Alilipigia chafya. Jana kliniki nesi alimpima mara moja tu, akamrudisha mikononi mwangu akitabasamu. Mstari umepanda. Kanga za Raya zinalowa tena, na mimi ndiye ninayefua. Batuli amekuja na Shuaibu amevaa kanzu. Sasa Raya humwita mwanangu, na Batuli humwita Sophia mwanangu. Neno mkwe limekufa. Bibi amempa Batuli vile vitambaa alivyokuwa ameanza kuweka, akasema avipinde mapazia, lakini asinipe mimi.

Mimi naondoka Jumapili kwenda Ubena. Mjomba amekubali nikae nyuma ya duka, niandike bidhaa, madereva atawajibu yeye.

Na nimepata mwanzo mpya. Dada Dija ameachana na makopo, anasema yana maneno mengi. Sasa analeta unga wa mzazi, wa kuongeza maziwa. Nilifikiri sana kabla ya kukubali. Safari hii hakuna ubaya wowote, maana anayekunywa ni mama, si mtoto. Mama Nabil amestaafu. Kuanzia Jumatatu mimi ni Bibi Nabil, nina miaka sabini na wajukuu kumi na mmoja, na kwa umri huo hakuna atakayeniuliza nimezaa lini. Hata swali jipya sihitaji kujifunza. Dada Dija anasema lilelile linatosha.

Ubena mtandao upo. Nimeuliza.

Jioni Raya alinisaidia kufunga begi. Alilitia pakiti ya karanga, akafunga zipu, akanitazama kwa muda. Akasema nikifika nimsalimie Mama Nabil, nimwambie: mwanangu amenenepa, na mimi nakupenda, lakini nikikushika tena na simu nitakuvunja vidole.

Nikamwambia simfahamu huyo mama.

Maskini Raya. Bado anaamini yupo.